Picha ya chui sebuleni kwangu imenifundisha tabia za watu. Kuna anayebisha?

#1 Kijana wa Uyole

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi wa kwanza nilikwenda Dar kikazi, nikarudi Mbeya na picha ya Tingatinga. Chui amesimama kwenye nyasi, nyuma yake mti una ndege wawili wekundu. Ni kubwa, nusu ya mlango wa kabati. Usiku kucha kwenye basi nimeikumbatia, konda akataka kunitoza nauli ya mtu wa pili. Nikaitundika sebuleni, ukuta unaotazamana na mlango, mgeni akiingia tu wanaonana ana kwa ana.

Tangu siku hiyo nimegeuka mpelelezi. Sisemi kitu, nakaa pembeni nawaangalia wanavyoiangalia.

Shemeji yangu, mtu wa vikao na kelele, amekuja mara nne na hajaiona. Sisemi hakuipenda, hajaiona kabisa! Mama mkwe aliuliza bei, nilipomtajia akanyamaza, kisha akasema bati siku hizi zimepanda. Fundi umeme alishika fremu, akachungulia nyuma, akasema huu msumari haufiki Pasaka. Dada mmoja wa kwaya alisogea karibu, akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akanionyesha mkono wake vinyweleo vimesimama. Mzee jirani, mkimya sana, alikaa anaitazama hadi chai ikapoa, akaondoka bila kusema neno. Mama mmoja mlokole alishauri iombewe. Mwanangu wa miaka sita aliuliza, "Baba, mbona huyu mnyama analia?" Hapo nikajua mtoto wangu ni mtu wa huruma, kamrithi bibi yake.

Hoja yangu: tabia ya mtu ndiyo inayoamua aone nini kwenye kazi ya sanaa. Siku hizi mgeni akikaa dakika mbili mbele ya ile picha, nimeshamsoma. Anayebisha aje.

#2 Makambako Stendi

Uzi bila picha ni ugali bila mboga. Weka picha.

#3 Loleza

Naunga tela #2. Halafu mkuu, wageni wako wote umetuchambulia. Wewe mwenyewe huwa unaona nini?

#4 Mwalimu Tukuyu

Mleta uzi hujakosea sana, ila umerahisisha. Wanasaikolojia wengi siku hizi wanagawa haiba ya mtu katika pande tano: uwazi kwa mambo mapya, umakini wa kazi, uchangamfu kwa watu, upole, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu anazo zote tano, tunatofautiana viwango tu. Kwenye mambo ya sanaa, upande unaojitokeza kila mara utafiti unapofanywa ni ule wa kwanza, uwazi. Mwenye nao mwingi huvumilia picha isiyoeleweka, huitazama kwa muda, hata akashiba nayo.

Yule dada wa kwaya ndiye mfano mzuri kuliko wote. Robert McCrae, mmoja wa watu walioijenga nadharia hiyo, aliandika mwaka 2007 kwamba kule kusisimka mwili kwa ajili ya muziki, shairi au mchoro ni mojawapo ya dalili za uwazi zinazoonekana katika tamaduni nyingi sana za dunia. Kwa hiyo vinyweleo vyake si maigizo.

Ila shemeji yako usimhukumu. Uchangamfu na uwazi ni vitu viwili tofauti. Mtu anaweza kuwa na kelele za stendi nzima na bado akapenda picha.

#5 Makambako Stendi

Kelele za stendi tena? Mwalimu unanitafuta.

#6 Fundi Mwanjelwa

Mimi nabisha. Mimi ni seremala mwaka wa kumi na tisa huu. Harusi ya mdogo wangu, bibi harusi anaingia kanisani, watu vigelegele, mimi nimeinua shingo naangalia kenchi za paa. Nilikuwa nawaza walipataje mbao ndefu vile bila kuunga. Mke wangu alinifinya.

Sasa kwa hesabu za mleta uzi mimi ni mtu mkavu, sina hisia. Wakati mimi nalia kwenye tamthilia za jioni, watoto wanajua, wananiletea kitambaa kabla haijaanza. Fundi umeme wako hakuonyesha tabia, alionyesha kazi yake. Macho yetu yameshasomeshwa na yanalipiwa. Ukinipa kinyago, kitu cha kwanza natafuta ni mti gani, mpingo au wamepaka kiwi.

#7 Parachichi la Rungwe

Na mama mkwe je? Mnamweka kundi la wasiojua sanaa kwa sababu kauliza bei. Mtu aliyesomesha watoto sita kwa ndizi na maziwa, kila kitu lazima akipitishe kwenye bei kwanza. Hiyo haiba mlimpa ninyi, yeye alipewa maisha.

Halafu kaka, bati zimepanda kweli.

#8 Kijana wa Uyole

#6 na #7 nimewasikia. Lakini fundi wangu wa bomba naye alikuja, na yeye ni fundi vilevile. Hakugusa msumari. Aliuliza aliyechora alianza na rangi ya nyuma au alianza na mnyama. Mafundi wawili, ukuta mmoja, maswali mbalimbali. Kama ni kazi tu, wangeshika msumari wote.

Picha nitaweka, kamera ya simu ina ukungu.

#9 Loleza

Ukungu wa Uyole umeingia hadi kwenye simu. Sawa, tunasubiri. Ila swali langu la #3 umeliruka.

#10 Kihesa Kwetu

Mimi niko Iringa. Mara kadhaa nimesindikiza wanafunzi kwenda Igeleke, pale kwenye mwamba wenye michoro ya kale, nje kidogo ya mji. Michoro ni ya rangi nyekundu ya udongo, kuna watu na wanyama, imefifia, hivyo lazima utulize macho ndipo ianze kutoka.

Watoto arobaini, utaona makundi yenyewe. Wapo wanaosoma kibao kwanza, bila kibao hawaamini macho yao. Wapo wanaouliza nani kachora na alipanda na nini. Wapo wanaocheka, "hata mimi naweza". Mwaka mmoja binti mmoja alikaa chini kimya, wenzake wakashuka, nikarudi kumfuata. Aliniambia, "Mwalimu, huyu aliyechora alikuwa anatumia mkono wa kushoto." Nikamuuliza umejuaje, akasema yeye pia ni wa kushoto, na anavyoiona mistari inavyokwenda ndivyo na yeye anavyochora. Kama ni kweli sijui, ila mimi nimefika pale mara nyingi na sijawahi kuwaza mkono.

Na kuna mmoja alitoa mkaa mfukoni aandike jina lake. Huyo tabia yake niliijua bila saikolojia.

#11 Bandari ya Itungi

Ndaga #10. Nami niwape ya Kyela.

Kule Lyulilo, karibu na Matema, vyungu vya Wakisi vinauzwa, vinafinyangwa na akina mama kwa mkono, bila gurudumu. Kaeni siku ya mnada mtazame wateja. Mtalii anakizungusha chungu atafute nakshi, anafurahi akiona kimepinda kidogo, anasema ndiyo utamu wa kazi ya mkono. Mama wa Kyela anakigonga kwa kidole na kutega sikio. Kikilia vizuri kizima, kikilia butu kina ufa. Nakshi ataangalia mwisho, kama ataangalia.

Nani kati yao kakiona chungu? Mimi nadhani mama, lakini kwa masikio. Sasa mwalimu wa #4 atuambie hiyo iko upande gani kati ya zile tano.

#12 Bibi Milulu

Nimecheka #11. Sisi wa vikapu vya milulu huku Iringa, mteja akija namwangalia mikono. Anayejua anakigeuza kikapu kichwa chini atazame kitako, maana kazi inaanzia pale, mwanzo ukiwa mbaya kikapu kizima kinayumba. Asiyejua anaangalia rangi za juu na mkono wa ngozi. Hilo ni suala la ujuzi, nakubaliana na seremala.

Lakini hata sisi wasukaji tunatofautiana. Mimi na mwenzangu tumefundishwa na mama mmoja, milulu ileile. Yeye mstari ukienda kombo anafumua hadi ulipoanzia, hata kama ni usiku. Mimi nauacha, naugeuza nakshi. Vikapu vyake ukiviangalia unasema ahsante. Vyangu wanavishika muda mrefu zaidi kabla ya kununua, au kabla ya kuviacha. Hiyo si kazi, maana kazi ni moja. Ni tumbo la mtu alivyozaliwa.

#13 Makambako Stendi

Wadau mnasahau kwamba hiyo Tingatinga yenyewe si ya kwetu, ni Wamakonde wa Msumbiji walikuja nayo. Ndiyo maana watu wa huku haiwagusi.

#14 Tunduru Nyumbani

#13 hapana, hapo umechanganya vinyago na picha. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 huku kwetu Tunduru, mkoa wa Ruvuma. Akaenda kutafuta maisha, akaanza kuchora Dar miaka ya mwishoni mwa 1960, kwa rangi zilezile za kupakia baiskeli, kwenye vipande vya ubao wa dari. 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka michache tu, jina likabaki kwenye mtindo mzima.

Kwa hiyo ni mtu wa kusini huyo. Na rangi kung'aa vile si fujo, ni rangi ya baiskeli.

#15 Makambako Stendi

Nimerekebishwa, nimekaa chini. Picha ya chui iko wapi lakini?

#16 Kijicho cha Mafinga

Wote mnajadili roho, hakuna aliyejadili jicho. Mimi nyekundu na kijani hazinikai vizuri tangu utotoni. Nilikuja kujua nimeshakuwa mtu mzima, niliponunua shati nikidhani la kahawia, ofisini wakaniuliza leo ni mechi? Tatizo hili linapita kwa mama, wanaume ndio hupata zaidi.

Ndege wawili wekundu kwenye mti wa kijani, mimi nikija kwako Uyole huenda nisiwaone kabisa. Utaandika, "mgeni wa Mafinga, mtu wa haraka, hajali mambo madogo." Kumbe ni jicho tu. Shemeji yako umeshampeleka kupima macho?

#17 Kijana wa Uyole

Shemeji anaona mpira wa kona kutoka jukwaa la mbali pale Sokoine. Macho anayo.

#18 Gangilonga Usiku

Niongeze kitu ambacho nadhani kinaivunja hoja ya mleta uzi.

Kuna Mrusi, Alfred Yarbus, alitengeneza kifaa cha kufuatilia mboni ya jicho inavyotembea juu ya picha. Alitumia mchoro maarufu wa Ilya Repin, mtu aliyekuwa uhamishoni anaingia nyumbani ghafla, familia imeshtuka. Mtazamaji alikuwa yuleyule na picha ileile, Yarbus akabadilisha swali tu. Alipouliza hawa watu wana umri gani, macho yalikwenda kwenye nyuso. Alipouliza hali yao ya maisha, macho yalikwenda kwenye vyombo na samani. Akiuliza mgeni alipotea muda gani, macho yanaruka kutoka uso hadi uso.

Kwa hiyo kinachoongoza jicho ni swali ulilonalo wakati ule. Fundi kaja na swali la umeme na misumari. Mama mkwe kaja na swali la binti yake anakula nini kwa mwanaume anayenunua picha. Mlokole kaja na swali la roho gani iko humu ndani. Watu haohao waite kesho, waulize, "Huyu mnyama anakwenda wapi?" Utaona wote wanatazama miguu.

Halafu dakika mbili mbele ya picha ni nyingi sana mkuu. Pale Metropolitan, New York, watu walipimwa kwa saa, wastani ukawa sekunde 17 kwa mchoro mmoja. Na hao wamelipa kiingilio.

#19 Mwalimu Tukuyu

Gangilonga, hoja nzito. Sahihisho dogo: ule utafiti ulichapishwa 2001, na wastani ulikuwa kama sekunde 27. Hiyo 17 ni ya mtu wa katikati ukiwapanga wote kwa foleni. Wachache waliosimama muda mrefu waliuvuta wastani juu. Nami nadhani hao wachache ndio mada yetu. Kwa nini wao walisimama?

Na hilo la swali, nakubali, lakini anayekupa swali ni nani usipopewa na mtafiti? Ukiingia sebuleni kwa watu hakuna Mrusi pembeni. Swali unajiletea mwenyewe, na hapo haiba inarudi kwa mlango wa nyuma. Kuhusu chungu, #11, umenishinda. Zile tano hazina sikio.

#20 Fundi Mwanjelwa

Haiba ikirudi kwa mlango wa nyuma niiteni niangalie bawaba.

#21 Kimya Kingi

Mimi ni msomaji tu wa jukwaa, leo nachangia.

Muziki haunifanyi kitu. Nasikia vizuri, najua huyu kakosea sauti, lakini ndani hamna kinachotokea. Msibani kwaya inaimba watu wanazidi kulia, mimi nalia kwa sababu ya marehemu, wimbo ni kama mvua juu ya bati. Nyumbani waliniona nina kiburi, mchumba mmoja aliniambia nina roho ngumu. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Barcelona walikwisha kuandika kuhusu watu kama mimi mwaka 2014. Wapo wachache, vitu vingine vya raha vinawagusa kama kawaida, muziki tu ndio haupiti.

Lakini picha naipenda! Naweza kusimama mbele ya mchongo hadi niambiwe wanafunga. Sasa mwalimu, uwazi wangu uko wapi? Uko nusu mlango?

#22 Makambako Stendi

Hii ya #21 chai. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini asiyeguswa na ngoma? Wewe umesikia ngoma gani? Mganda wa Nyasa umeusikia?

#23 Kimya Kingi

Nimeusikia. Niliangalia nguo. Zilikuwa nyeupe, zimenyooshwa vizuri.

#24 Makambako Stendi

Nimeamini.

#25 Shangazi wa Njombe

Wanangu, mnaongea kana kwamba mtu ana tabia moja tangu kuzaliwa hadi kufa.

Kanisani nilikobatizwa kulikuwa na picha ya Mama wa Mateso, moyo umechomwa panga. Utotoni ilinitisha, nilikuwa nakaa nyuma ya nguzo nisiione. Nikiwa msichana nikaiona mbaya tu, rangi zimekolea mno. Nilipozika kijana wangu wa pili nikaenda siku ya kazi, kanisa tupu, nikakaa mbele yake. Ile panga niliyoiogopa sikuiona tena, niliona jinsi alivyofumba mikono. Anaishikilia mmoja kwa mwingine, kama mtu anayejizuia asishike kitu.

Mimi ni yuleyule, mkorofi, waulizeni wakwe zangu. Picha haikupakwa upya. Sasa hapo mtasema ni haiba, kazi, jicho au swali?

#26 Bibi Milulu

Pole shangazi. Kamwene.

#27 Gangilonga Usiku

Pole sana shangazi. Sina jibu.

#28 Parachichi la Rungwe

Pole shangazi.

Mimi nimebaki na yule mzee mkimya wa #1. Mleta uzi uliwahi kumuuliza alikuwa anafikiria nini? Maana mzee akikaa kimya tunampa hekima bure. Babu yangu alikuwa anakaa hivyohivyo kwenye ukumbi, tukidhani anatafakari ukoo, kumbe anasikiliza kama ulanzi wa jirani umeshafika.

#29 Kihesa Kwetu

Ulanzi wa jirani ni tafakari pia.

#30 Kijana wa Uyole

Jamani nimesoma yote. Shangazi pole, umenipa cha kuwaza. Mzee nilimuuliza jana, #28. Alisema viti vyangu ni vya chini sana, akikaa hawezi kuinuka haraka. Picha hakuitaja.

Haya, nimefuta kamera kwa kitambaa. Picha hiyo hapo chini, mfurahi.

[picha imeambatishwa]

#31 Loleza

Nzuri. Ndege nimewapenda. Ila mkuu, huyo si chui.

#32 Kijana wa Uyole

Si chui kivipi?

#33 Tunduru Nyumbani

Huyo ni duma. Chui madoa yake yamekaa kama maua, katikati pako wazi. Hapo madoa ni meusi yamejaa, kama kokwa. Miguu mirefu, kifua kimeshuka, kichwa kidogo. Na tazama usoni, mistari miwili myeusi kutoka kona ya jicho hadi mdomoni. Chui hana hiyo.

#34 Makambako Stendi

Miezi mingapi mkuu uko na duma ndani?

#35 Kijicho cha Mafinga

Hata mimi mwenye macho yangu haya nimeiona mistari. Ni myeusi, haina shida na mtu.

#36 Kihesa Kwetu

Subirini. Rudini #1. Mtoto alisema mnyama analia.

#37 Shangazi wa Njombe

Eeh! Mtoto wa watu aliona mistari ya machozi, baba yake akamwandikia huruma.

#38 Fundi Mwanjelwa

Mimi bado nasema wachoraji hawafuati kitabu cha wanyama. Anaweza kumchora chui akampa uso wa duma, mbona nimewahi kuona twiga wa bluu? Muulize aliyekuuzia.

#39 Tunduru Nyumbani

Fundi, hata akiwa wa bluu, duma ni duma.

#40 Kijana wa Uyole

Nimetoka sebuleni sasa hivi, nimewasha taa zote mbili. Mistari ipo. Nimemwita mke wangu, nikamuuliza huyu ni mnyama gani. Kajibu bila kugeuka, yuko jikoni, "Duma. Si uliniambia wewe chui, nikaona yaishe."

Mtoto amelala, kesho asubuhi nitamuuliza. Na msumari nimeushika, kweli umelegea.